Mkataba Haukutaja Ireland

Al-Rawdah, Jeddah
Ijumaa, 14 Septemba 2012

Baba Ivy,

Hujambo? Mimi sijambo, ila nimechoshwa na jambo ambalo hata nikikueleza utadhani natunga. Egesha hilo gari la hospitali kwanza, usome polepole.

Unakumbuka Madam aligundua kwamba nilikuwa mwalimu. Kosa langu mwenyewe. Nilimsaidia yule mtoto wao mdogo kazi ya shule ya Kiingereza, akapata zote, basi Madam akanijia nikikaanga sambusa akaniuliza kwetu nilikuwa nafanya nini. Nikajibu kwa fahari, bure kabisa mimi: nilifundisha historia na Kiswahili sekondari, miaka tisa. Ningesema nauza nyanya, leo ningekuwa nimepumzika.

Binti yao mkubwa, Amal, yuko chuo kikuu huko Ireland. Anasomea biashara, lakini chuo kimemlazimisha achukue somo moja la historia ya nchi hiyo. Insha tatu kwa mwaka. Amal na historia hawaelewani. Kwa hiyo swali linatoka Ireland kwa kompyuta, Madam analichapisha, analileta jikoni pamoja na kurasa kumi za kitabu, nusu zimekatika pembeni, na kusema, "Yalla, Eucabeth, Jumatatu." Naandika kwa mkono juu ya ubao wa kukatia mboga. Madam anapiga picha karatasi zangu, Amal anazichapa kama zake. Danson, mimi niliyewatoa darasani watoto wa kidato cha tatu kwa kunakiliana majibu.

Swali la kwanza ni kwa nini watu wa Ireland waligawanyika juu ya Utawala wa Nyumbani. Najua utauliza ni nini, kwa hiyo sikiliza. Ireland iliunganishwa na Uingereza mwaka 1801, ikatawaliwa kutoka London. Wazalendo walitaka bunge lao wenyewe Dublin, wajiendeshee mambo ya nyumbani kwao. Wanamuungano, hasa wa kaskazini, Ulster, wakakataa katakata, wakataka kubaki na London. Wakavutana miaka na miaka kabla ya uhuru, na uhuru ulipokuja nchi ikakatwa vipande viwili. Zaidi ya hapo siwezi kukwambia, kurasa zangu zinaishia katikati ya sentensi.

Wewe unawabeba manesi wa Ireland kila asubuhi. Waulize babu zao walikuwa upande gani na kwa nini. Taratibu tu, Danson, si kwa ile sauti yako ya stendi.

Simu yangu bado iko kwenye droo ya Madam. Zile dakika kumi za kupiga nyumbani Ijumaa ni za Ivy, na unajua siwezi kumpunja. Soud anayetuletea mboga, yule Mzanzibari wa Ghulail, atapitisha barua kwa lori lao la Riyadh kama kawaida.

Na la mwisho ndilo kubwa. Mkataba wangu unaisha tarehe 20 Februari. Nimemwomba Baba wa nyumba khuruj, ule muhuri wa kutoka nchini moja kwa moja, maana Ivy atafanya mtihani wa darasa la nane mwaka ujao na nilimwahidi nitakuwepo. Baba amesema hakuna tatizo, mradi Amal amalize insha zake. Basi njia yangu ya kurudi kwa mtoto wangu imepitishwa Ireland. Nitaipita.

Mkeo,
Eucabeth


Al-Suwaidi, Riyadh
Jumamosi, 29 Septemba 2012

Mwalimu wangu, Mama Ivy,

Salamu nyingi. Nimefanya ulivyosema, na sasa nina shida kazini.

Unajua nina manesi wawili wa huko, Sista Noreen na Sista Hazel. Mwaka mzima wamekaa kiti cha mbele pamoja, wakinywa chai ya thamosi moja, wakinicheka navyowapigia honi ngamia. Noreen ni wa Cork, kusini. Hazel ni wa kaskazini. Mimi nilijua hivyo nikadhani ni kama mtu wa Nyamira na mtu wa Kisii mjini. Kumbe sijui kitu.

Jana asubuhi nikauliza, taratibu kabisa, naapa: enyi masista, wakati wa Utawala wa Nyumbani babu zenu walikuwa upande gani? Noreen akacheka akasema babu yake alificha bunduki ndani ya nyasi za ng'ombe, akipigania nchi yake. Hazel hakucheka. Akasema, "Danson, unajua leo ni tarehe ngapi?" Nikasema ishirini na nane. Akasema miaka mia moja kamili iliyopita, siku kama hiyo, watu wa kwao karibu nusu milioni walipanga foleni kutia sahihi Agano la Ulster, kwamba hawataki bunge la Dublin, na bibi mzaa bibi yake alikuwemo. Karatasi yake imetundikwa sebuleni hadi leo. Wanaume walikuwa na karatasi yao na wanawake yao. Wengine wanadai walitia sahihi kwa damu.

Noreen akasema, "Karatasi ya kuwazuilia wenzenu nchi yao." Hazel akasema, "Ilikuwa yetu pia, na hakuna aliyetuuliza." Leo mmoja kakaa mbele, mwingine nyuma kabisa, na thamosi ni mbili. Wa mbele anasema nipunguze kiyoyozi, wa nyuma anasema niongeze. Jioni bosi ameniita akaniuliza kwa nini dereva wake anachokoza siasa. Nikamwambia ni mke wangu. Hakuelewa.

Hayo ya Agano yaandike, nadhani yatakufaa. Hiyo khuruj lakini usiipapie. Nyumba yetu kule bado haina paa upande wa jikoni. Tutaongea.

Mumeo,
Danson


Al-Rawdah, Jeddah
Ijumaa, 26 Oktoba 2012

Baba Ivy,

Leo ni Idi. Nimesimama jikoni tangu alfajiri, nyumba imejaa shangazi, na nakuandikia nikiwa nimekalia gunia la mchele stoo.

Amal amepata sitini na nane. Mwalimu wake ameandika kwamba sehemu ya Agano inaonyesha uelewa wa karibu. Madam alifurahi hadi akanipa manukato yaliyobaki robo. Pole kwa thamosi.

Insha ya pili inauliza ule muungano wenyewe ulifanyikaje. Hii imeniudhi kuliko ya kwanza. Dublin walikuwa na bunge lao, Danson. Bunge hilohilo likapiga kura kujifuta. Waliopiga kura ndio waliopewa vyeo na marupurupu, na watu waliobaki, mamilioni, waliambiwa tu kwamba mmeshaunganishwa, rudini mkalime. Nimeandika kurasa sita nikiwa nimekaza meno. Si kwamba kuungana ni kubaya. Kinachoniudhi ni mtu kunisemea halafu kuniletea habari.

Jambo jingine. Juzi Baba wa nyumba aliniomba namba yako. Anasema kabla ya kuandika khuruj lazima azungumze na mume, mwanamume kwa mwanamume, ndiyo adabu yao. Nilimwambia mimi ndiye niliyesaini mkataba na mimi ndiye ninayeondoka. Akatabasamu tu, akangoja namba. Nikampa. Akikupigia, mwambie neno moja: Februari. Usimweleze habari za paa.

Ivy amekuwa wa tatu darasani. Aliniuliza kama nitamtambua.

Mkeo,
Eucabeth


Al-Suwaidi, Riyadh
Jumamosi, 17 Novemba 2012

Mama Ivy mpendwa,

Barua yako ilichelewa, lori lao liliharibika Taif. Huyo Ivy wa tatu ametoka upande wako, upande wangu hatujawahi kutoka kumi la mwisho.

Noreen na Hazel bado hawasemezani. Lakini nimekuwa nikimsikiliza Hazel, maana sasa ni zamu yake ya mbele, na nikwambie ukweli, hao wanamuungano wako kwenye insha unawaonea. Si wajinga. Waliogopa. Walikuwa na kazi viwandani, walikuwa na mazoea yao, ukaja mtu kuwaambia kesho mtaamka chini ya serikali ambayo hamjawahi kuiona. Ungekuwa wewe? Kubaki mahali ulipozoea, hata kama hapakufurahishi, si woga. Wakati mwingine ni busara. Mtu anasema ngoja kwanza, tutulie, tutoke wakati mzuri, tena pamoja. Kuna ubaya gani hapo? Andika na upande huo, mwalimu asije akaona unapendelea.

Baba wa nyumba yako alipiga. Ni mtu mwema sana, aliniuliza habari za wazazi wote wanne mmoja mmoja. Tuliongea vizuri. Mambo yako sawa, usisumbuke.

Huku baridi imeanza asubuhi. Nimenunua sweta ya mitumba sokoni Batha.

Mumeo,
Danson


Al-Rawdah, Jeddah
Ijumaa, 11 Januari 2013

Danson,

Jana Madam aliniletea sare mpya tatu. Nikamwambia asante, lakini mbona tatu, nimebakiza wiki sita. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, "Si unabaki miaka miwili?" Nikauliza nani amesema. "Mumeo."

Nikaenda mwenyewe kwa Baba, mikono ina unga. Hakuficha, kwa nini afiche? Akasema alikupigia mwezi wa kumi na moja, akakuuliza kama mkeo anataka kuongeza, nawe ukasema tayeb, inshallah, miaka miwili ni sawa kabisa. Ukamshukuru. Ukamwombea dua kwa Kiswahili. Ikama yangu mpya, kile kibali cha kuishi, wameshaianza.

Mambo yako sawa, usisumbuke. Uliniandikia hivyo kwa mkono wako baada ya kunigawa. Na ile hotuba ndefu ya kumtetea Hazel, nikaisoma mara mbili nikidhani umeanza kupenda historia. Nikafurahi, Danson. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Umewahi kuniuliza? Mwaka mzima na miezi kumi na moja tuko nchi moja na hatujaonana hata siku moja. Nilichokuomba ni neno moja. Hata hilo ukalibadilisha ukiwa njiani.

Basi sikiliza. Insha ya tatu imekuja, ya kukabidhiwa tarehe 15 Februari, na inauliza: kati ya mwaka 1886 na 1914, nani alikuwa na haki ya kusema kwa niaba ya watu wa Ireland? Nimecheka peke yangu jikoni hadi Madam akaja kuangalia.

Kwenye zile kurasa kuna habari ya mwaka 1880. Kulikuwa na kapteni mmoja, msimamizi wa mashamba ya bwana mkubwa, aliyewatoa wapangaji kwenye ardhi. Wazalendo wa Chama cha Ardhi hawakumpiga. Walimsusia. Hakuna aliyemvunia, hakuna aliyemuuzia mkate, hakuna aliyemfulia, hata barua hakupelekewa. Ikabidi waletwe wanamuungano hamsini kutoka Ulster wamvunie, wakilindwa na askari elfu moja. Jina la kapteni huyo ndilo neno la Waingereza la kususa mpaka leo.

Na mimi nimesusa. Nyumba napiga deki, watoto nawalisha, wali wa kabsa naweka mezani saa nane kamili. Insha siandiki. Mkataba wangu unasema kazi za nyumbani. Haukutaja Ireland. Baba akigonga muhuri wa khuruj, Amal atapata insha yake.

Na wewe nimekususia vilevile. Usitegemee barua.

Eucabeth


Al-Suwaidi, Riyadh
Jumamosi, 19 Januari 2013

Mama Ivy,

Nimesoma. Sijui nianzie wapi.

Alinipigia nikiwa kwenye foleni ya mafuta, na unajua navyoongea na mabosi wa huku. Bosi akisema chochote mdomo wangu unasema tayeb wenyewe. Lakini nisijifiche hapo. Alipouliza nilikuwa nimeshafikiria: wewe uongeze miwili, na mimi wangu ukiisha Oktoba niongeze, tumalize paa, turudi pamoja 2015. Niliona ni mpango mzuri. Nilitaka nikueleze vizuri tukipata nafasi.

Nijibu basi, hata kwa matusi.

Danson


Al-Suwaidi, Riyadh
Jumamosi, 2 Februari 2013

Eucabeth,

Lori limekuja mara mbili bila kitu. Nilimsimamisha dereva nikamwambia atafute tena kwenye vitunguu.

Sawa, nitasema. Si paa. Paa lile lingeezekwa hata bila wewe kuongeza siku moja. Niliogopa kubaki nchi hii peke yangu. Najua hatuonani, najua Jeddah ni mbali, lakini nikiamka najua na wewe umeamka chini ya jua hilihili na mtu anakusumbua vilevile, na hiyo inanitoa kitandani. Ukiondoka nitakuwa dereva tu. Nikaona nikukawize, nikaita mpango.

Noreen ameniuliza kwa nini nimekonda.

Danson


Ghulail, Jeddah
Jumanne, 5 Februari 2013

Bwana Danson,

Salamu aleikum. Mie Soud, wa mboga. Hatujuani uso kwa uso ila barua zenu nshazibeba hadi nahisi ni jamaa. Nakuandikia kwa hiari yangu, Bi Eucabeth hakunituma, na akijua atanikata kichwa na kisu cha bamia.

Yuko salama, kwanza ondoa wasiwasi. Ila nyumba ile imegeuka kiwanja cha mpira. Bibi mwenye nyumba kamlilia, kamkemea, kamwahidi kumrudishia simu yake, yeye jibu lake moja: muhuri kwanza. Bibi akaenda kumleta mwalimu wa Kimisri, mtu wa jiografia, amwandikie Amal. Kaandika kurasa mbili juu ya mvua ya Ireland. Amal kapiga simu analia kutoka huko, anasema akianguka somo hili ufadhili utakatwa, arudi. Baba yake sasa hana usingizi. Nilimsikia mie mwenyewe mlangoni akimwambia Bi Eucabeth: "Mumeo alisema ubaki. Mumeo akisema vyengine nitaandika." Na Bi Eucabeth kamjibu, "Sitamwomba mtu aniombee." Kisha kachukua figili zake kaingia ndani.

Mie mambo ya muungano usinitie. Kwetu neno hilo likitajwa mezani babu huondoka na sahani yake, na ametoka Unguja tangu sitini na nne. Lakini hili nakwambia kama mdogo wako: yeye hatakuomba. Na insha yatakiwa tarehe kumi na tano.

Ndugu yako,
Soud


Al-Suwaidi, Riyadh
Jumamosi, 9 Februari 2013

Eucabeth,

Nilimpigia Baba wa nyumba, kafili wako, Alhamisi. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye kiganja ili mdomo usinitoroke.

Nikamwambia: nilisema lisilo langu kulisema. Mke wangu ana akili zake na jibu lake, muulize yeye. Akasema hamuulizi mwanamke na mumewe yuko kwenye laini. Nikasema tafadhali, muulize yeye, yuko hapo jikoni kwako. Akasema, "Danson, nina binti anayelia Ireland, sema aende au abaki, halas, basi." Nikajaribu mara ya tatu. Akasema nisipotoa neno, lile la mwanzo linabaki.

Basi nikasema aende. Ikabidi nikusemee tena ili niache kukusemea. Najua haitakupendeza. Mimi mwenyewe haijanipendeza. Akasema ataandika khuruj Jumatatu, na akaniuliza mimi ni mwanamume wa aina gani, leo hivi kesho vile.

Niliwasimulia masista yote, maana nilikuwa nimepitiliza geti la hospitali bila kujua. Noreen akahama kiti chake akaja kukaa na Hazel ili wanigombeze vizuri. Tangu Septemba ni mara ya kwanza wamekubaliana jambo, na jambo lenyewe ni kwamba mimi ni mjinga. Hazel akasema watu wa kwao wakitaka kuaminiwa huweka sahihi. Noreen akasema hapo hapingi, mradi safari hii anayesaini asaini juu ya mambo yake tu. Thamosi imerudi moja.

Hii hapa, nimeiandika mara nne ili isiwe na mahali palipofutwa:

Mimi, Danson wa Nyamira, dereva, nikiwa na akili timamu, naahidi kwamba sitamjibia mke wangu Eucabeth jambo lolote linalomhusu, kwa bosi wala kwa mchungaji wala kwa mama yangu, hata nikiwa najua jibu, hata nikiwa naogopa jibu. Nikiulizwa nitasema: muulize mwenyewe.

Nimetia sahihi chini. Masista wametia kama mashahidi, mmoja kulia mmoja kushoto. Ni wino tu.

Danson


Nyamira
Jumapili, 18 Agosti 2013

Baba Ivy,

Najua tuna simu sasa, na najua utalalamika kwa nini nimempa barua Priscilla anayerudi kazini Riyadh badala ya kupiga. Kwenye simu unaanza kujibu kabla sijamaliza. Barua haikatizwi.

Kuna mambo sikuwahi kukueleza. Lile agano lako lilinifikia siku moja kabla ya safari. Nilikasirika. Miaka miwili nimefua, nimepika, nimesusa wiki tano nikitishwa kurudishwa kwa wakala, na mlango ukaja kufunguliwa na mdomo uleule ulioufunga. Baba alinigongea muhuri akisema, "Mshukuru mumeo." Nikapokea pasipoti, kwa sababu ya Ivy. Insha nilikuwa nimeimaliza siku nyingi, imelala chini ya godoro langu. Nilimkabidhi Madam uwanja wa ndege, pasipoti ikiwa mkononi mwangu wa kulia na bahasha mkono wa kushoto, na sikuachia bahasha mpaka ndege yangu ilipotangazwa. Tulikumbatiana. Alilia. Mimi pia, sijui kwa nini.

Soud amenipa habari za Amal. Alipata sabini na nne. Mwalimu ameandika kwamba hoja ni nzuri sana ila mwandishi anaonekana kuwa na hasira binafsi na mada. Nimefurahi na nimeona aibu, vyote pamoja. Tangu nirudi darasani, mtoto akinakili namuita pembeni tunazungumza, sifokei kama zamani.

Agano lako nimelibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Ivy alilisoma akauliza ulifanya nini. Nikamwambia akuulize wewe.

Sasa sikia kilichonifanya niandike. Jana wakala wa Nairobi alinipigia. Kampuni yako inataka uongeze miaka miwili kuanzia Oktoba, simu yako ilikuwa haipatikani, na fomu ilitakiwa Riyadh kabla ya jioni. Akasema, "Mama, wewe si ndiwe mkewe? Sema tu tuandike. Anabaki ama anarudi?"

Nilikuwa uani na nguo mbichi begani. Danson, jibu nilikuwa nalo. Arudi. Nimekuwa nalo tangu Februari, kila nikitandika upande mmoja wa kitanda. Paa la jikoni bado halijaezekwa na sijali, tunapika na mwavuli. Ivy anafanya mtihani Novemba na anataka umpeleke wewe hadi getini. Neno moja tu ningesema na Oktoba ungekuwa hapa, usijue hata ni nani aliyelisema.

Nikamwambia, muulize mwenyewe.

Akasema fomu itachelewa. Nikasema ichelewe.

Eucabeth